Simu Ipi Inamfaa Dereva wa Bodaboda?

Siku hizi kazi ya bodaboda haiendi bila simu. Abiria wa Igoma anapiga simu afuatwe. Mama wa samaki pale Mwaloni, Kirumba, naye anapiga. Je, dereva achague simu ipi?

Kwanza, iko simu ya vitufe, yaani kitochi. Bei yake ni nafuu na chaji hukaa siku kadhaa. Kwa kuitwa na wateja, inatosha.

Pili, iko simu janja. Hii huonyesha ramani. Hupokea alama kutoka setilaiti zilizo juu angani, ikajua mahali ulipo bila bando. Lakini ramani yenyewe hutaka bando, basi ipakue mapema. Tena simu hii inakula chaji.

Ramani nayo haijui yote. Kwenye vilima vya mawe vya Mabatini, nyumba nyingi hufikiwa kwa vijia vya miguu. Huko, uliza wenyeji.

Jambo kubwa ni hili: usitazame simu huku unaendesha. Tufanye hesabu. Kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa, pikipiki hupita mita 10 kila sekunde. Ukitazama simu sekunde 3, umepita mita 30 bila kuona njia. Mtoto akivuka hapo, je?

Simu ikilia, simama kando ya barabara, ndipo upokee. Nasi tunaopiga, tusubiri. Mteja atapiga tena, uhai haurudi.

Swali: Kwa mwendo wa kilometa 72, sekunde 3 ni mita ngapi?