Istilahi za Ufumaji: Mfano wa Mpira wa Mtoto Mchanga

Maombi ya istilahi yanayoletwa katika mabaraza ya lugha kwa kawaida hutoka kwa wenye viwanda, wenye maabara na wenye sheria. Ni nadra kupata barua kutoka kwa mfumaji wa sweta. Si kwamba kazi yake haina haja ya maneno; ni kwamba hufundishwa kwa jicho na mkono, mwanafunzi akiketi ubavuni mwa fundi na kuambiwa, "Tazama, fanya hivi." Lakini "fanya hivi" haiandikiki. Mara ufundi huo unapotakiwa kutiwa katika kitabu cha sayansi kimu, au katika kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto, mwandishi hukwama katika sentensi ya pili na kukimbilia Kiingereza.

Makala haya yanachukua kitu kimoja kidogo, yaani mpira laini wa kufuma kwa ajili ya mtoto mchanga, na kujaribu kuona kama maagizo ya kuutengeneza yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila ya kumpoteza msomaji. Kitu hiki kimechaguliwa kwa makusudi. Humalizika kwa jioni mbili tatu, na ndani yake mna karibu mambo yote ya msingi ya ufumaji. Tena ni kitu kitakachotiwa kinywani. Kosa la neno katika maagizo ya kofia huleta kofia mbaya. Katika maagizo ya mpira huu laweza kuleta sufi kooni mwa mtoto.

Asidhani msomaji kuwa tumeshuka kwenye jambo la upuuzi. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Kijerumani aliyeanzisha taasisi yake ya malezi ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliitanguliza mipira laini ya sufu mbele ya vifaa vyake vyote vya kufundishia. Ilikuwa sita, kila mmoja na rangi yake: mwekundu, wa rangi ya chungwa, wa manjano, wa kijani, wa buluu na wa zambarau, nayo ilikuwa na uzi wa kuning'inizia. Mwaka 1840 taasisi hiyo aliipa jina lenye maana ya bustani ya watoto, na jina hilo likaenea duniani. Sisi hatukulitafsiri, tulisema shule ya vidudu, kisha chekechea.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Mpira, kwa asili, ni utomvu wa mti na vitu vilivyofanywa kwa utomvu huo. Mtu mwenye kupenda mantiki angeweza kusema kwamba kitu cha sufu hakiwezi kuitwa mpira, na kwamba tuseme "tufe la kufuma". Hatukubaliani naye. Tufe lina kazi yake katika hisabati, na katika riadha ni lile pande zito la chuma linalotupwa. Kumpa mtoto mchanga tufe ni maneno ya kutisha. Zaidi ya hayo, watoto wetu wamekwisha kulikata shauri hili zamani. Wanapiga mpira wa matambara na mpira wa soksi, na hamna hata tone la utomvu ndani yake. Basi ni mpira wa kufuma.

Kitenzi *fuma* chataka maelezo zaidi, kwa sababu kinabeba kazi mbili. Yupo mfumi wa nguo, mwenye nyuzi za mtande zilizonyoshwa kwa urefu na uzi wa mshindio unaopita kati yake kwa upana. Na yupo mfumaji wa sweta, ambaye hana mtande wala mshindio: ana uzi mmoja tu, anaoupinda na kuupitisha ndani ya mapindo yake wenyewe. Tofauti hii si ya nadharia. Nguo ya mtande hainyumbuki sana, na ukikata uzi mmoja haisambaratiki. Kitambaa cha sweta hunyumbuka pande zote, na ncha moja ikiachiliwa yaweza kufumuka yote. Hata hivyo hatuoni haja ya kubuni kitenzi kipya. Watu wanafuma sweta na wanafuma nguo, nao wanaelewana. Panapotakiwa uangalifu wa kitaalamu, tunapendekeza *ufumaji wa mtande* kwa kazi ya kwanza na *ufumaji wa vitanzi* kwa ya pili. Kusuka kubaki kwenye mikeka, kamba na nywele, na kroshia, inayotumia sindano moja yenye ndoana, ina jina ambalo kila mwenye kuifanya analijua.

Wapo watakaochukizwa na neno *kitanzi* kando ya kitanda cha mtoto, kwa ajili ya maana yake nyingine ya kifo. Tumelipima neno *jicho*, ambalo wavuvi wanalitumia kwa wavu. Lakini jicho la wavu ni uwazi ulio kati ya nyuzi, ambapo mfumaji anahesabu uzi wenyewe uliopindwa. Kitanzi kinasema hasa kile kilichopo juu ya sindano, kwa hiyo na kikae.

Sasa tufike penye ugumu. Ufumaji wote wa vitanzi umejengwa juu ya vitanzi viwili tu. Katika cha kwanza, uzi huwa nyuma ya kazi, sindano huingia kutoka mbele kwenda nyuma, na kitanzi kipya huvutwa kuja upande wa mfumaji. Macho yake huona umbo kama herufi V. Katika cha pili, uzi huwa mbele, sindano huingia kutoka nyuma kuja mbele, na kitanzi kipya husukumwa upande wa pili. Mfumaji huona kinundu kilicholala. Ajabu ni kwamba vitanzi hivi ni kitu kimoja. Ukigeuza kitambaa, V huonekana kinundu na kinundu huonekana V. Istilahi njema yapasa kuuonyesha undugu huo, si kuuficha kwa maneno mawili yasiyojuana.

Wajerumani husema kitanzi cha kulia na cha kushoto. Njia hiyo haitufai, kwani maagizo yamekwisha kujaa mkono wa kulia, mkono wa kushoto na sindano zao, na mfumaji wa mashoto atachanganyikiwa kabisa. Wafaransa husema upande wa uso na upande wa kinyume, na hapa wametukaribia. Tunapendekeza *kitanzi cha uso* na *kitanzi cha mgongo*. Kila nguo ina uso wake na mgongo wake, na mgongo, kama kile kinundu, ni kitu kilichoinuka.

Tukiisha kupata hayo mawili, majina ya sura za kitambaa huja yenyewe. Fuma vitanzi vya uso katika kila safu, na kwa kuwa kazi hugeuzwa kila mwisho wa safu, pande zote mbili zitaota *matuta*, kama ya shamba la viazi. Changanya uso na mgongo kwa zamu, kisha katika safu ya pili weka mgongo juu ya uso, upate *punje*. Weka uso juu ya uso na mgongo juu ya mgongo, upate *mbavu*, zile za mkononi mwa sweta. Kwa mpira wa mtoto matuta ndiyo yanayofaa kuliko yote: vidole vidogo vinayashika, na mfumaji hahitaji kitanzi cha mgongo hata kimoja.

Kuanza kazi tunapendekeza kuwe *kutunga vitanzi*. Tunatunga ushanga, tunatunga samaki kwenye mtungo; na vitanzi hutungwa kwenye sindano kwa namna hiyo hiyo. Kinyume cha kutunga ni kutungua, na hapa msomaji awe macho. Kutungua vitanzi ni kuvichopoa tu kwenye sindano, jambo ambalo huanza kuifumua kazi. Kumaliza kazi ni tendo jingine: hufumwa vitanzi viwili, cha kwanza kikavutwa juu ya cha pili na kuachwa, kisha kingine, mpaka kibaki kimoja, nacho hupitishiwa ncha ya uzi. Hiyo tuiite *kufungia vitanzi*. Agizo lisemalo "toa vitanzi kwenye sindano", na maagizo ya namna hiyo yapo, halisemi ni lipi kati ya matendo haya mawili. Mpira ulioshonwa juu ya vitanzi vilivyotunguliwa hufunguka unapotafunwa.

Mpira huu hufumwa kwa vipande vinavyofuatana, kama vipande vya chungwa lililomenywa. Kila kipande ni kinene katikati na chembamba nchani, na hilo hupatikana kwa kugeuza kazi kabla ya kufika mwisho. Safu ya namna hiyo tusiiite pungufu, maana kupunguza ni kufuma vitanzi viwili pamoja, na hapa hakuna kitanzi kinachopotea. Iwe *safu fupi*. Basi maagizo yangesomeka hivi:

Tunga vitanzi 32. Safu ya 1 fuma yote kwa vitanzi vya uso. Safu ya 2 fuma mpaka vibaki 2, geuza kazi. Safu ya 3 fuma mpaka vibaki 2 upande wa pili, geuza. Endelea na safu fupi, ukiacha 4 kila upande, kisha 6, 8, 10, 12 na 14. Safu ya 16 fuma mpaka mwisho wa sindano; vilivyoachwa upande wa pili vitachukuliwa na safu ya kwanza ya kipande kinachofuata. Fuma vipande 8 kwa jumla. Fungia vitanzi, shona ukingo wa mwisho na ule wa mwanzo, kaza ncha moja kwa uzi, jaza, kaza na ya pili.

Kabla ya kujazwa utafanana na ndimu. Kwa uzi wa unene wa kati, kipenyo chake kitakaribia sentimita 10. Kanuni za usalama wa vichezeo za Marekani na za Ulaya hukataza kumpa mtoto wa chini ya miaka 3 mpira unaopita katika tundu la kipenyo cha milimita 44.5 hivi, kwa hiyo mwenye kutumia uzi mwembamba apime kwanza. Ule uzi wa kuning'inizia wa Fröbel na usitiwe.

Mwisho, kuna maneno mawili jirani ambayo mpigachapa hukosea kirahisi: *sufu*, manyoya ya kondoo, na *sufi*, pamba ya msufi ijazayo mito na magodoro. Herufi moja ikibadilika, mama atafuma asichoweza kukifuma. Sufi ni nyepesi na hupeperuka. Ikitumiwa kujaza, yapasa itiwe kwanza katika kifuko cha kitambaa kilichofumwa kwa mtande, kwa kuwa matundu ya safu fupi huipitisha. Na uzi unaouzwa madukani kwa jina la sufu mara nyingi ni wa akriliki, usiotoka kwa kondoo yeyote. *Uzi wa sweta*, kama watu wanavyosema sokoni, ni jina lisilodanganya.

Hatujapata jina la jumla la matuta, punje na mbavu. Wasomaji wanaofuma, au wenye mama na shangazi wanaofuma, wanaombwa watuletee neno wanalolitumia, pamoja na majina yao ya kitanzi cha uso na cha mgongo kama yapo, wakitaja na mahali yanaposemwa.