UBAO WENYE MAGURUDUMU ULITOKA WAPI?

Wanafunzi wamoja wa mwaka wa tatu waliona picha ya kijana akiruka hewani na ubao chini ya miguu, wakatuuliza kama ameufunga na kamba. Hapana, kamba haiko.

Mchezo huo, Wamarekani wanauita sketibodi, ulianza kupata nguvu ku California katika miaka ya 1950. Vijana wa pwani walizoea kusimama juu ya mbao na kubebwa na mawimbi. Siku bahari ikilala, walipigilia magurudumu ya viatu vya kutelezea chini ya kipande cha ubao, wakateremka nacho barabarani.

Taabu yote ilikuwa ndani ya magurudumu. Ya kwanza yalikuwa ya chuma, kisha yakaja ya udongo mgumu. Yalitikisa mifupa, na kajiwe kadogo tu kakizuia gurudumu, ubao unasimama palepale, mtu anaendelea peke yake! Waganga walilalamika, miji mingi ikakataza, na kufika mwisho wa 1965 mchezo ulikuwa karibu kufa.

Mtu aliyeuokoa njo Frank Nasworthy. Mwanzo wa miaka ya 1970 alichukua magurudumu ya poliuretani, aina ya plastiki, akayajaribu chini ya ubao wake. Poliuretani ni laini kidogo: inapita juu ya kajiwe na inashika njia kwenye kona. Wenye chukudu wa Goma wanajua jambo hilo, maana gurudumu la mti wanalivika mpira wa gari.

Mwaka 1976 na 1977 California ilipata ukame, watu wakaacha mabwawa yao ya kuogelea bila maji. Vijana waliingia humo, mara nyingi bila ruhusa, wakapanda kuta zilizopinda. Norway yenyewe ilikataza mbao hizo toka 1978 mpaka 1989.

Na kuruka je? Kufika 1978, Alan Gelfand wa Florida alikuwa anaruka ukutani bila kushika ubao na mikono. Baadaye Rodney Mullen alifanya vile pahali tambarare. Mguu wa nyuma unapiga mkia wa ubao chini kwa nguvu, pua inainuka; mguu wa mbele unakwaruza kwenda mbele, na ubao unanyooka hewani. Kumbe ni ubao unaofuata miguu.

Ku Tokyo, mwaka 2021, mchezo uliingia mara ya kwanza katika Olimpiki. Medali ya zahabu ya wasichana, upande wa barabarani, ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani. Alikuwa na miaka 13, sawa na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza.