Hesabu ya Joto: Jinsi ya Kuchagua Jiko la Nyumbani

Mnunuzi wa jiko aingiapo dukani, jambo la kwanza aulizalo ni bei. Muuzaji humjibu, kisha humwonyesha rangi, idadi ya plati na kioo kinachong'aa. Lakini jiko hununuliwa mara moja, ilhali mkaa, gesi au umeme hununuliwa mwezi hata mwezi kwa miaka mingi. Isitoshe, kitu kinacholipiwa hasa si mkaa wala gesi, bali ni joto; tena si joto lote, bali lile tu linaloingia ndani ya sufuria. Joto linalobaki huishia kwenye kuta, kwenye dari na kwenye uso wa mpishi. Makala haya yanaeleza namna joto hilo linavyoweza kupimwa, na namna vipimo hivyo vinavyomwongoza mtu kuchagua jiko linalolingana na chakula chake, vyombo vyake na nyumba yake.

Na uchukuliwe mfano mwepesi wa kuchemsha lita 2 za maji. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba gramu moja ya maji huhitaji juli 4.2 hivi ili joto lake lipande kwa digrii 1 ya Sentigredi. Kwa hiyo lita 2 za maji yaliyo katika digrii 25 huhitaji kilojuli 630 ili yafikie digrii 100. Kiasi hicho hakibadiliki, yawe maji yamechemshwa kwa kuni, kwa mkaa, kwa gesi au kwa umeme. Kinachobadilika ni kiasi cha nishati kinachopaswa kutumiwa jikoni ili kilojuli 630 zifike majini.

Sehemu ya nishati inayofika majini, ikihesabiwa kwa asilimia, huitwa ufanisi wa jiko. Mafiga matatu yaliyo mahali pa wazi huwa na ufanisi wa asilimia 10 hadi 15. Jiko la mkaa la bati tupu hufikia asilimia 20 hivi, na jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo wa kuchoma ndani yake hufikia asilimia 30 au zaidi kidogo. Jiko la gesi hukaribia asilimia 50. Plati ya umeme ya koili, asilimia 70 na ushei. Jiko la umeme la indaksheni, asilimia 85 hivi. Tarakimu hizi si amri. Upepo wa mlangoni, sufuria isiyo na mfuniko au moto uliozidi ukubwa wa sufuria waweza kuzishusha sana. Hata hivyo zinatosha kwa hesabu.

Kilo moja ya gesi ya mitungi ina megajuli 46 hivi za nishati. Kilo moja ya mkaa mkavu ina megajuli 29, na kilo moja ya kuni kavu ina 16. Uniti moja ya umeme, yaani kilowati kwa saa moja, ni megajuli 3.6. Kwa tarakimu hizo, yale maji ya lita 2 yatahitaji gramu 27 za gesi, au gramu 110 hivi za mkaa katika jiko la bati, au gramu 72 katika jiko lenye udongo ndani. Kwa umeme yatahitaji karibu robo ya uniti katika plati ya koili, na pungufu kidogo ya hapo katika indaksheni.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wengi. Mafiga matatu, yanayodharauliwa kuliko majiko yote, yatateketeza gramu 330 za kuni kwa maji hayo. Gramu 110 za mkaa zaonekana chache mno zikilinganishwa nazo. Lakini tanuri la udongo la porini hutoa kilo 1 hadi 2 tu za mkaa kwa kila kilo 10 za kuni zilizotiwa ndani. Basi gramu 110 za mkaa zilikuwa gramu 700 za kuni au zaidi kabla ya kufika mjini, na aliyechemshia jiko la bati ametumia miti maradufu ya aliyechemshia mafiga. Mkaa hupendwa mjini kwa sababu nyingine zilizo za kweli: ni mwepesi kusafirisha, hautoi moshi mwingi, na hununulika kwa kopo.

Kutokana na hesabu hiyo hiyo hupatikana kanuni ambayo kila nyumba yaweza kuitumia bila kujali bei zinavyopanda na kushuka. Joto linalofika chunguni kutoka kilo 1 ya gesi hulingana na lile la uniti 7.5 za umeme katika jiko la indaksheni, au uniti 9 hivi katika plati ya koili. Hulingana pia na kilo 4 za mkaa katika jiko la bati, au kilo 2.6 katika jiko lenye udongo. Mtungi wa kilo 6, basi, hufanya kazi ya uniti 45 za indaksheni, au ya kilo 24 za mkaa katika jiko la bati. Anayetaka kujua lipi ni nafuu kwake azidishe bei ya uniti anayolipa kwa 45, bei ya kilo ya mkaa kwa 24, kisha alinganishe na bei ya kujaza mtungi. Anayenunua mkaa kwa kopo hana budi kwanza kuupeleka kwenye mizani, kwa maana kopo la muuzaji mmoja si kopo la mwingine.

Kuchemsha maji, hata hivyo, si kupika maharage. Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena hata moto uongezwe vipi. Moto unaozidi hugeuza maji kuwa mvuke tu, na kila kilo ya mvuke hula kilojuli 2,260. Maharage na makande huhitaji kukaa katika joto hilo kwa saa nyingi, si kuchemka kwa fujo. Jiko linalopunguzwa moto kwa urahisi lina faida kubwa hapo. Gesi hupunguzwa kwa kuzungusha kitasa, lakini mkaa uliokwisha kolea hupunguzwa kwa shida. Faida kubwa kuliko zote huipata sufuria ya presha. Ndani yake mvuke hauna njia ya kutoka, kanieneo hupanda, na maji huchemka katika digrii 115 hadi 120. Ile ya umeme, iliyofunikwa pande zote na yenye kujizima joto linapotosha, huivisha maharage kwa sehemu ndogo ya nishati inayotumiwa na jiko la wazi. Watu wa nyanda za juu wana sababu zaidi ya kuitamani. Mjini Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa katika digrii 94 tu, ndiyo maana maharage ya huko huchelewa kuiva kuliko yale yale yakipikwa Tanga.

Jiko la indaksheni linastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo linalonunuliwa kwa makosa mara nyingi. Chini ya kioo chake hamna waya unaowaka. Mna koili ya shaba inayopitisha mkondo unaogeuka mwelekeo wake zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Mkondo huo hufanya uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi hiyo hiyo, na kwa kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, uga unaobadilika huzalisha mkondo wa umeme katika metali iliyo karibu. Metali hiyo ni kitako cha sufuria. Hivyo sufuria yenyewe ndiyo hugeuka kuwa jiko, na kioo hupata joto kwa kuguswa na sufuria tu.

Sasa sufuria nyingi za Afrika Mashariki ni za alumini, nazo jiko hili huzikataa. Sababu yake yafaa kufundishwa darasani. Katika chuma, mkondo huo hubanwa kwenye ngozi nyembamba mno ya metali, isiyofika sehemu ya kumi ya milimita, na njia nyembamba ina ukinzani mkubwa. Penye ukinzani joto huzaliwa. Katika alumini ngozi hiyo hufikia nusu milimita, tena alumini hupitisha umeme vizuri. Mkondo hupita bila taabu na joto huwa haba. Kabla ya kununua jiko la indaksheni, basi, mtu achukue sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, aiguse kwenye vitako vya sufuria zake zote. Isiponata barabara kwenye kitako, sufuria hiyo haitafaa, hata kama muuzaji wake aliapa kuwa ni chuma kisichoshika kutu. Bei ya sufuria mpya ihesabiwe pamoja na bei ya jiko.

Plati ya koili haichagui metali, lakini huchagua umbo. Sufuria ya alumini iliyobonyea kitako huacha nafasi ya hewa kati yake na plati, na hewa ni mpitishaji mbaya wa joto. Moto wa gesi na mkaa haujali kasoro hiyo, kwa kuwa hewa yake ya moto hukizunguka chombo chote. Ugali nao una masharti yake: usongaji huhitaji sufuria itulie, na juu ya kioo laini sufuria huteleza na kuzunguka na mwiko. Mpishi wa wali wa pwani anayependa kupalia makaa juu ya mfuniko naye hatapata huduma hiyo kwa gesi wala kwa umeme. Mambo haya ni madogo kwa mhandisi, lakini ndiyo yanayoamua kama jiko jipya litatumika au litawekwa juu ya kabati.

Anayetegemea umeme azingatie pia nguvu ya laini yake. Plati ya wati 1,500 huzitoa wati hizo ikiwa volti ni 230. Uwezo wake hufuata kipeo cha pili cha volti. Zikishuka hadi 180, kama itokeavyo mwisho wa laini ndefu za vijijini, plati hutoa wati 920 hivi tu. Kwa upande mwingine, jiko la wati 2,000 huvuta ampea karibu 9. Soketi nzuri ya ampea 13 hulimudu, lakini ekstensheni nyembamba yenye jiko, birika na pasi kwa pamoja hupata joto mpaka ganda la waya likayeyuka.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni, nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujikusanya sakafuni na kungoja cheche, na kwa hiyo chumba chenye mtungi kihitaji tundu la hewa chini ya mlango, si dirisha la juu peke yake. Harufu yake kali hutiwa makusudi ili ivujapo ijulikane. Kiungo cha mpira na mtungi hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Gesi asilia, kama ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ni jambo jingine: nyingi yake ni metheni, ni nyepesi kuliko hewa, na jiko lililotengenezwa kwa gesi ya mitungi haliwezi kuitumia mpaka libadilishwe matundu ya kutolea gesi. Moto wa gesi ya aina yoyote hutoa naitrojeni dioksidi kidogo, ambayo huwasha mapafu, hasa ya watoto wenye pumu. Jiko la mafuta ya taa lina ufanisi usio mbaya, lakini masizi, harufu na hatari ya kulipuka mafuta yakichanganywa na petroli vinaliondolea sifa hiyo.

Lililo zito kuliko yote ni moshi na hewa ya mkaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na uchafu wa hewa ndani ya nyumba, unaotokana hasa na kupikia kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa. Jiko la kauri lililoenea Kenya tangu miaka ya mwanzo ya 1980, ambalo wabunifu wake walichukua wazo kutoka Thailand, limeokoa mkaa mwingi. Lakini kuokoa mkaa na kusafisha hewa ni mambo mawili mbalimbali. Mkaa usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Wakati wa baridi ya Juni na Julai katika Njombe au Lushoto, jiko la mkaa lililoingizwa chumbani ili kuota moto, mlango ukafungwa, laweza kuua watu wote waliolala humo. Hakuna jiko la mkaa, liwe la bati au la kauri, lililo salama kwa kazi hiyo.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi unaokusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nyumba nyingi zitafika huko kwa jiko zaidi ya moja, na hilo si kosa. Familia ya ghorofani Dar es Salaam yaweza kuweka sufuria ya presha ya umeme kwa maharage, na plati mbili za gesi kwa ugali, chapati na siku umeme ukatikapo. Familia yenye laini dhaifu itaanza na gesi. Familia ambayo bado yapata kuni tu itanufaika zaidi kwa jiko la udongo lenye bomba la moshi na jiko la nje lenye kupitisha hewa kuliko kuhamia mkaa.

Shule yoyote yenye mizani na kipimajoto yaweza kuzihakiki tarakimu hizi. Mkaa upimwe kabla ya kuwashwa. Lita 2 za maji zichemshwe, na joto la mwanzo na la mwisho liandikwe. Kisha makaa yazimwe kwa kufunikiwa, yaachwe yapoe, yapimwe tena. Maji nayo yapimwe upya, na kwa kila gramu iliyopungua ziongezwe kilojuli 2.26 katika hesabu ya joto lililotumika. Jaribio lirudiwe bila mfuniko, kisha mahali penye upepo.