Gesi ya Nusukaputi Ndani ya Injini ya Gari

Mwezi huu tunajibu swali la kijana mmoja, fundi wa magari, aliyemleta mkewe kujifungua hospitalini kwetu. Aliona mitungi ya bluu karibu na chumba cha upasuaji, akasoma maandishi yake, akatuuliza: "Sista, hii si ile wanayotia kwenye magari ya mashindano?"

Ndiyo, ni ile ile. Jina lake ni naitrasi oksidi. Mwaka 1799 Humphry Davy wa Uingereza aliivuta mwenyewe akajikuta anacheka, ndiyo maana wengi huiita gesi ya kuchekesha. Mwaka 1844 Horace Wells, daktari wa meno huko Marekani, aliivuta akang'olewa jino bila maumivu makali.

Sasa inafanya nini ndani ya injini? Watu wengi hudhani ni mafuta yanayowaka. Sivyo. Petroli haiungui bila oksijeni, na hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu 21 tu katika kila 100. Gesi hii ikipata joto la nyuzi 300 hivi huvunjika, na theluthi moja ya kinachopatikana ni oksijeni. Hapo injini huweza kuunguza petroli nyingi zaidi kwa mara moja. Tena, inapotoka mtungini ikiwa kimiminika huwa baridi mno, hivyo hupoza hewa inayoingia na kuifanya iwe nzito. Ndege za kivita za Wajerumani ziliitumia katika Vita Kuu ya Pili, kule juu ambako hewa ni nyepesi. Kwenye gari huachiliwa kwa sekunde chache tu. Petroli isipoongezwa sawasawa, pistoni huyeyuka.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asikilize vizuri. Mwili wetu una joto la nyuzi 37, si 300. Oksijeni iliyo ndani ya gesi hii haifunguki mapafuni. Anayeivuta peke yake hapati hewa ya kumfaa. Ubongo hukosa oksijeni, naye huweza kuzimia na kufa akiwa bado anaonekana anafurahi. Hospitalini huchanganywa na oksijeni siku zote. Ile anayovuta mama mwenye uchungu wa kuzaa ni nusu kwa nusu.

Ile ya magari, mara nyingi, hutiwa kidogo hewa ya salfa yenye harufu kali inayochoma koo na kifua, makusudi ili watu wasiivute. Lakini wapo wanaoivuta hivyo hivyo! Wengine huweka mdomo kwenye mtungi, na baridi ile huunguza midomo na koo kama moto.

Madhara mengine huja polepole. Gesi hii huharibu kazi ya vitamini B12, ile tunayoipata katika nyama, samaki, maziwa na mayai. Mwenye kuivuta mara kwa mara huanza kuhisi ganzi vidoleni, kisha miguu inakosa nguvu, anatembea akiyumba kama mlevi. Uti wa mgongo umeshaanza kuumia. Asiyekula vyakula hivyo huumia upesi zaidi. Tiba ni kuacha kabisa na kuchomwa sindano za B12 mapema. Akichelewa, huenda asipone kikamilifu. Mgonjwa asione haya kumwambia daktari alichovuta, maana kipimo cha B12 katika damu huweza kuonyesha kiasi cha kawaida ilhali mishipa ya fahamu inaharibika. Huko Uingereza, tangu Novemba 2023, kuwa nayo kwa nia ya kulewa ni kosa la jinai.

Nanyi mafundi: mtungi usiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, na valvu yake isipakwe oili wala grisi, maana huweza kulipuka. Ukimkuta mtu amezimia karibu nao, fungua milango kwanza, mtoe nje penye hewa, mlaze ubavu, na mkimbize hospitali.