Kutia Rangi Mapazia Nyumbani: Tuchunge Kostiki na Jiko la Mkaa

Miezi ya Juni na Julai huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ni miezi ya baridi, na pia ni miezi ya mavuno, ambapo familia nyingi hupata fedha kidogo. Ndipo mama anapotazama dirishani na kuona pazia limepauka. Jua la Mbeya na Iringa halina huruma kwa kitambaa, na vumbi la kiangazi humalizia kazi. Mapazia mapya ni ghali. Kuyatia rangi yale ya zamani ni nafuu, na siku hizi akina mama wengi wamejifunza kazi hiyo katika vikundi vya batiki.

Sisi nasi tuliifanya. Ilikuwa mwezi wa Julai, mapazia manne ya sebuleni. Mchana kutwa kulikuwa na mawingu, hayakukauka. Usiku tukayatundika kwenye kamba ndani ya nyumba, tukaingiza jiko la mkaa, tukafunga mlango na madirisha ili baridi isiingie. Haikupita muda mrefu vichwa vikaanza kutuuma, na mtoto mdogo akatapika. Tulidhani ni maharage ya mchana. Jirani aliyekuja kuazima kiberiti ndiye aliyetuambia tutoke nje mara moja, akaacha mlango wazi.

Mkaa unaowaka mahali penye hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na mkaa usiotoa moshi hata kidogo bado huitoa. Gesi hii hushika damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, hivyo mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, halafu hulala usingizi asioamka. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na jiko limo ndani, msitafute dawa ya maumivu. Tokeni nje kwanza, kisha nendeni hospitali.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe. Rangi nyingi za batiki haziingii kwenye kitambaa bila kemikali mbili: kostiki soda, ile ile inayotengenezea sabuni, na unga mweupe uitwao sodiamu haidrosulfaiti. Ya kwanza huunguza nyama ya mwili. Ya pili ikipata unyevunyevu hupata moto yenyewe, hata kuwaka, na hutoa gesi kali inayombana kifua mtu mwenye pumu. Kwa hiyo ifungwe vizuri mahali pakavu, na kazi yote ifanyike uani, si jikoni.

Kostiki soda hutiwa ndani ya maji baridi, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya kostiki, huchemka ghafla na kukurukia usoni. Tumia ndoo ya plastiki ngumu na mwiko wa mti. Sufuria ya alumini haifai kabisa: kostiki huila, na hutoa gesi inayoshika moto. Vaa glavu za mpira na ufunike macho na pua. Ndoo na mwiko huo visirudi tena kwenye chakula, maana baadhi ya rangi zilitengenezwa kutokana na benzidini, ambayo husababisha saratani ya kibofu cha mkojo, na rangi ya kupimiwa sokoni kwenye kimfuko haina maandishi ya kukueleza ni ipi.

Lakini hatari inayotusumbua zaidi ni chupa ya soda. Mama anabakiza kostiki iliyoyeyushwa, anaitia katika chupa tupu ya soda, anaiweka chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili anaona kinywaji. Funda moja tu laweza kuunguza koo na umio. Hapo wengi wetu hukimbilia kumtapisha mtoto, au kumpa maji ya limau au mafuta. Msifanye hivyo. Akitapika, kostiki huunguza mara ya pili ikipanda. Msuuze mdomo, kama yu macho na anameza bila shida, apewe mafunda machache ya maji, kisha apelekwe hospitali pamoja na chupa hiyo, hata kama anaonekana mzima. Kovu la ndani huweza kuziba umio wiki kadhaa baadaye, na mtoto akashindwa kumeza hata uji.

Ikiingia jichoni, au ikimwagikia ngozi, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi kabla ya kuanza safari. Huo si muda wa kupoteza. Maji hayo ndiyo tiba ya kwanza.

Tena, si kila pazia litakubali. Vuta uzi mmoja uuchome: pamba huungua kama karatasi na kubaki jivu, polista huyeyuka na kuwa kitone kigumu. Polista haitashika rangi ya batiki, utapoteza fedha bure.

Anayetaka kuepuka kostiki aweza kuchemsha maganda makavu ya vitunguu pamoja na shabu. Pamba hutoka rangi ya manjano hadi kahawia, ingawa jua litaipausha mapema. Sisi tumefanya hivyo chumbani kwa watoto.

Maji yaliyobaki yamwagwe shimoni, mbali na kisima na bustani ya mboga. Mapazia yasuuzwe mpaka maji yawe meupe, yaanikwe kivulini penye upepo. Yakiwa bado mabichi jioni, yaacheni barazani hadi kesho yake.