Ini Halilii, Damu Hulisemea

Afrika Mashariki ina watu wengi waliogundua kuwa wana homa ya ini B bila kuumwa popote. Mmoja alikwenda kumchangia damu ndugu aliyelazwa, akaitwa pembeni. Mwingine alikuwa mjamzito, akapimwa kliniki. Kijana wa Mombasa au Tanga anayetafuta kazi nchi za Ghuba hupimwa afya kabla ya kupewa viza, na jibu la homa ya ini likiwa baya, safari huishia hapo. Wote hutoka na karatasi yenye herufi HBsAg na neno moja, chanya. Wengi hawaelezwi zaidi ya hapo, wakaachwa na hofu tupu.

Ini lenyewe haliwasaidii kujua. Nyama yake ya ndani haina mishipa ya kuhisi maumivu. Kinachouma ni utando unaolifunika, nao huuma ini likivimba na kuuvuta. Mtu anaweza kulima, kubeba mizigo na kucheza mpira miaka 20 huku makovu yakijengeka polepole. Macho yanapogeuka manjano na tumbo kujaa maji, mara nyingi ugonjwa umeshafika mbali.

Zile herufi zina historia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Mmarekani Baruch Blumberg alikuwa akichunguza tofauti za kurithi katika protini za damu, wala hakuwa akitafuta ugonjwa wa ini. Akakuta damu ya mwenyeji wa asili wa Australia ina kitu kilichoshikana na kingamwili za mgonjwa wa Marekani aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Kitu hicho kikaitwa antijeni ya Australia. Baadaye ikabainika kuwa ni ganda la nje la kirusi cha homa ya ini B, ndiyo HBsAg ya kwenye karatasi. Blumberg alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, ndiyo leo huadhimishwa kama Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Kwa hiyo HBsAg ikiwa chanya, maana yake kirusi kimo mwilini sasa hivi. Haisemi kimekaa muda gani, wala kimeharibu kiasi gani. Ndiyo sababu kipimo hurudiwa baada ya miezi 6. Wengi wa wanaoambukizwa ukubwani hukifukuza kirusi wenyewe kabla ya muda huo. Kwa mtoto mchanga ni kinyume kabisa, kwani takriban 9 kati ya 10 hubaki nacho. Kuna pia kingamwili mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza, dhidi ya ganda la nje, huonyesha kinga, iwe imetokana na chanjo au na kupona. Ya pili, dhidi ya kiini cha kirusi, hupatikana tu kwa aliyewahi kukutana na kirusi chenyewe, maana chanjo haina kiini ndani yake.

Homa ya ini C ina mtego wake. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, na kingamwili hizo huweza kubaki maisha yote, hata mtu akipona kabisa. Anayetaka kujua kama kirusi bado kipo hana budi kupimwa RNA, yaani chembe za urithi za kirusi chenyewe. Rwanda inatoa mfano mzuri. Katika utafiti uliofanywa huko kwa wagonjwa 300 waliotibiwa kwa vidonge vya sofosbuvir na ledipasvir, asilimia 87 hawakuwa na RNA ya kirusi wiki 12 baada ya kumaliza dawa. Walikuwa wamepona. Kipimo cha kingamwili peke yake kingewahesabu bado kuwa wagonjwa! Na kipimo hichohicho cha RNA ndicho kilichoonyesha kuwa waliobeba aina moja ya kirusi, inayoitwa 4r, walipona kwa kiwango kidogo kuliko wenzao.

Kujua kirusi kipo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni hali ya ini, na hapo huingia vimeng'enya viwili, ALT na AST. Kazi yao iko ndani ya seli za ini. Seli ikipasuka, huvujia kwenye damu. Ukiona mchele umemwagika njiani unajua gunia limetoboka, ingawa hujui limetobolewa na panya au na msumari. Vivyo hivyo ALT hupandishwa na virusi, pombe, mafuta kwenye ini au dawa. Tena gunia lililokwisha halimwagi kitu: mtu ambaye ini lake limekwisha kusinyaa kwa makovu anaweza kuwa na ALT ya kawaida. Vipimo hivi huitwa vipimo vya utendaji wa ini, jina linalopotosha. Nguvu iliyobaki huonekana zaidi katika albumini, bilirubini na muda ambao damu huchukua kuganda.

Katika kupima makovu ya ini, msaada mkubwa umetoka mahali pasipotarajiwa, katika chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Makovu yakibana ini, damu inayotoka tumboni hukosa njia, bandama huvimba na kuzizuia chembe hizo. Ini nalo hupunguza homoni inayochochea kutengenezwa kwake. Ndipo watafiti wakabuni kipimo cha APRI: AST ya mgonjwa hugawanywa kwa kiwango cha juu cha kawaida, jibu likagawanywa kwa idadi ya chembe sahani katika maelfu, kisha likazidishwa kwa 100.

Tuseme AST ni 80, kiwango cha juu ni 40, na chembe sahani ni 125. Themanini kwa arobaini ni 2. Mbili kwa 125 mara 100 ni 1.6. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 unasema mtu mzima mwenye homa ya ini B aanzishiwe dawa APRI ikizidi 0.5, na ikizidi 1 ashukiwe kuwa ini limeshasinyaa. Zamani alama ya kusinyaa ilikuwa 2, na takwimu za Afrika zilionyesha kuwa iliwaacha nje wagonjwa wengi. Mabadiliko hayo ni makubwa, kwa sababu hesabu inahitaji vipimo viwili vya kawaida, wala haihitaji mashine ya gharama.

Hesabu hiyo ina udhaifu wake, na kwetu udhaifu huo una jina: malaria. Malaria hushusha chembe sahani na yaweza kupandisha AST, hivyo damu iliyotolewa mtu akiwa na homa hudanganya. Kazi nzito inayochosha misuli nayo hupandisha AST.

Makadirio ya shirika hilohilo ya mwaka 2022 yanasema watu milioni 254 wanaishi na homa ya ini B. Asilimia 13 tu walikuwa wamepimwa na kujulikana, na asilimia 3 walikuwa wakitumia dawa. Dawa yenyewe, tenofovir, imo tayari katika maghala ya dawa za VVU.

Mgonjwa wa APRI 1.6 akianza tenofovir, huenda mwaka unaofuata AST ikawa 48 na chembe sahani 160, APRI ikashuka hadi 0.75. Daktari atafurahi, ila kwa tahadhari: AST iliyoshuka huonyesha uvimbe umetulia, makovu huchukua miaka kupungua. Kwa hiyo mgonjwa huyo ataendelea kuitwa kila baada ya miezi 6 kwa picha ya ultrasaundi, pamoja na kipimo cha protini iitwayo AFP, ambayo hupanda kwa baadhi ya wenye saratani ya ini na kukaa chini kwa wengine. Kila mara atakuja na karatasi zake za zamani, daktari azipange kwa tarehe juu ya meza kabla hajasoma ile mpya.