Mawimbi ya Mshtuko Yanavyotibu Kano ya Goti bila Upasuaji, na Mipaka ya Tiba Hiyo

Maumivu ya mbele ya goti, chini kidogo ya kilegesambwa, ni miongoni mwa matatizo yanayowaweka nje ya uwanja wachezaji wengi wa michezo ya kuruka. Huwasumbua pia watu ambao kazi zao huwalazimu kupanda ngazi, kuchuchumaa au kubeba mizigo kila siku. Kwa baadhi yao maumivu hayo hudumu kwa miezi au hata miaka, na mgonjwa hufikia hatua ya kufikiria kuacha mchezo, kuchomwa sindano ya goti au kufanyiwa upasuaji.

Tiba ya mawimbi ya mshtuko ni mojawapo ya njia zinazotolewa kabla ya kufikia hatua hiyo. Haihitaji kisu, sindano wala kulazwa, na mgonjwa hurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Hata hivyo, si tiba ya kila goti linalouma, na ushahidi wa kitaalamu juu ya matokeo yake kwa kano ya goti haujawa wa upande mmoja. Mwananchi anayeelewa inavyofanya kazi yuko katika nafasi nzuri zaidi ya kuamua kama inamfaa kabla ya kutoa fedha zake.

Kano ya goti na chanzo cha maumivu

Kano ni mshipi mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Katika goti, msuli mkubwa wa mbele ya paja hushikamana na kilegesambwa, yaani pia ya goti, na kutoka hapo kano nyingine hushuka hadi kwenye mfupa wa muundi. Mtu anaponyoosha mguu, anaporuka au anapotua, nguvu yote ya msuli wa paja hupita katika kano hiyo.

Kano imejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni zilizopangwa sambamba. Kwa kuwa hupata damu kidogo ikilinganishwa na msuli, hujikarabati polepole. Mzigo unaporudiwa mara nyingi bila mapumziko ya kutosha, nyuzi hizo hupoteza mpangilio wake, kano hunenepa na maumivu huanza, hasa pale inaposhika ncha ya chini ya kilegesambwa. Hapo awali tatizo hili lilichukuliwa kuwa uvimbe wa kawaida unaotokana na jeraha. Leo wataalamu wanalieleza zaidi kuwa ni uchakavu wa kano ulioshindwa kupona, na hiyo ndiyo sababu dawa za kupunguza uvimbe hutuliza maumivu kwa muda bila kuondoa chanzo chake.

Tatizo hilo limepewa jina la goti la mrukaji, na jina hilo lina sababu. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wanamichezo wa ngazi ya juu nchini Norway na kuchapishwa mwaka 2005 ulibaini kuwa takriban asilimia 45 ya wachezaji wa mpira wa wavu na asilimia 32 ya wachezaji wa mpira wa kikapu walikuwa na dalili zake wakati huo.

Kutoka mawe ya figo hadi kano

Mawimbi ya mshtuko yaliingia katika tiba kupitia figo. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier nchini Ujerumani walikuwa wakichunguza athari za mawimbi ya mshtuko kwenye vyombo vinavyokwenda kwa kasi kubwa, na ufahamu huo ukafungua njia ya kuyatumia mawimbi hayo ndani ya mwili bila kupasua ngozi. Mwezi Februari mwaka 1980, mjini Munich, timu iliyoongozwa na daktari Christian Chaussy ilimtibu mgonjwa wa kwanza kwa kuvunja jiwe la figo kwa mawimbi yaliyotoka nje ya mwili. Njia hiyo ilienea duniani na kuwaepusha wagonjwa wengi na upasuaji.

Baadaye watafiti waliona kuwa mawimbi hayo huathiri pia mfupa na tishu zinazouzunguka, na katika miaka ya 1990 yalianza kutumika kwa maumivu sugu ya bega, kiwiko na kisigino. Mwaka 2000, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kifaa cha kwanza cha aina hiyo kwa maumivu sugu ya utando wa unyayo. Kano ya goti ilifuata katika orodha ya sehemu zinazotibiwa.

Mashine inavyofanya kazi

Neno mshtuko huwafanya baadhi ya watu kudhani kuwa mgonjwa hupigwa shoti ya umeme. Sivyo. Mawimbi ya mshtuko ni mapigo ya mgandamizo, yenye asili moja na sauti, ambayo hupanda kwa nguvu kubwa ndani ya muda mfupi mno na kusafiri ndani ya tishu.

Mashine zinazotumika ni za aina mbili. Aina ya kwanza hukusanya mawimbi na kuyaelekeza kwenye nukta moja, kiasi kwamba nguvu kubwa huifikia sehemu iliyokusudiwa, hata ikiwa ndani kiasi. Aina ya pili hutumia hewa iliyoshindiliwa kusukuma kipande kidogo cha chuma ndani ya kishikio. Kipande hicho hugonga kichwa cha kishikio na mapigo husambaa kutoka juu ya ngozi, yakipungua nguvu kadiri yanavyoingia ndani. Kwa kuwa kano ya goti iko karibu na ngozi, aina zote mbili hutumika. Mgonjwa anapaswa kufahamu kuwa mashine hizo hazifanani kwa nguvu wala kwa bei, ingawa mara nyingi hutangazwa kwa jina moja.

Ndani ya kano, mapigo hayo hayavunji kitu kama yanavyovunja jiwe la figo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli za kano hupokea mtikisiko huo na kuugeuza kuwa ishara za kikemikali zinazochochea ukarabati, ikiwemo kuota kwa mishipa midogo ya damu na kutengenezwa kwa kolajeni. Vilevile, mapigo hayo hupunguza uwezo wa neva za eneo hilo kupeleka maumivu kwenye ubongo.

Utaratibu wa matibabu

Matibabu huanza kwa uchunguzi. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia hubonyeza eneo linalouma, huangalia mgonjwa anavyochuchumaa kwa mguu mmoja na, inapohitajika, huagiza picha ya ultrasaundi au MRI. Hatua hii haipaswi kurukwa, kwa kuwa maumivu ya mbele ya goti yanaweza kutokana na gegedu, mfupa, kano iliyokatika au tatizo la ukuaji kwa vijana.

Siku ya tiba mgonjwa hulala, hupakwa jeli juu ya ngozi na kishikio huwekwa mahali penye maumivu. Kikao kimoja kwa kawaida huwa na mapigo kati ya 1,500 na 3,000 na humalizika ndani ya dakika chache. Vikao huwa vitatu hadi vitano, kwa nafasi ya wiki moja. Maumivu huhisiwa wakati wa tiba, na mtaalamu hupandisha nguvu taratibu kulingana na ustahimilivu wa mgonjwa. Ganzi kwa kawaida haitumiki, kwa kuwa maelezo ya mgonjwa kuhusu mahali panapouma humwongoza mtaalamu.

Baada ya kikao, ngozi inaweza kuwa nyekundu, kuvimba kidogo au kupata alama za michubuko, na maumivu yanaweza kuongezeka kwa siku moja au mbili. Nafuu haiji mara moja. Kano huhitaji wiki kadhaa hadi miezi mitatu kuonyesha mabadiliko.

Utafiti unasema nini

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 nchini Taiwan uliwafuatilia kwa miaka miwili hadi mitatu wagonjwa 27 waliopata mawimbi ya mshtuko na wengine 23 waliopata tiba za kawaida. Kundi la mawimbi lilikuwa na matokeo bora zaidi. Hata hivyo, wagonjwa walijua ni tiba gani wameipata, jambo linaloweza kuathiri wanavyoeleza nafuu yao.

Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa tahadhari zaidi. Wachezaji 62 wa mpira wa wavu, kikapu na mikono, ambao waliendelea kucheza katika msimu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa mawimbi halisi na wengine tiba bandia ambayo hawakuweza kuitofautisha na halisi. Hadi wiki ya 22, makundi hayo hayakutofautiana. Utafiti mwingine wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2017 kwa washiriki 52, ulionyesha kuwa kuongeza mawimbi juu ya mazoezi hakukuleta nafuu zaidi ya mazoezi pamoja na tiba bandia.

Nchini Uingereza, taasisi ya NICE ilipoipitia tiba hii kwa kano ya kisigino mwaka 2016 ilifikia hitimisho linaloelekea huko huko: hakuna wasiwasi mkubwa wa usalama, lakini ushahidi wa manufaa haulingani. Kwa ujumla, tiba hii ni salama kwa wengi, inaweza kumsaidia mgonjwa ambaye maumivu yake yamekuwa sugu, lakini haiwezi kuahidiwa kuwa ni ponyo la uhakika.

Mazoezi ndiyo msingi

Tiba yenye ushahidi imara zaidi kwa kano ya goti ni mazoezi yanayoongeza mzigo kwa hatua. Utafiti wa mjini Rotterdam uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusisha wagonjwa 76 kwa wiki 24. Kundi moja lilianza kwa kukaza msuli bila kusogeza goti, kisha likaingia kwenye mazoezi ya uzito, baadaye kuruka, na mwisho mazoezi ya mchezo husika, huku maumivu yakiwekwa chini. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya kushuka taratibu kwa mguu mmoja yaliyokuwa yakiuma. Katika kipimo cha afya ya kano chenye alama 100, kundi la kwanza lilipanda kutoka 56 hadi 84, na la pili kutoka 57 hadi 75. Hata hivyo, hata katika kundi lililofanya vizuri zaidi, chini ya nusu ndio waliokuwa wamerejea katika kiwango chao cha awali cha mchezo ndani ya muda huo. Kano inadai subira.

Sindano za steroidi, kwa upande wake, hutoa nafuu ya haraka isiyodumu. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa baada ya nusu mwaka waliochomwa sindano walikuwa wamerudi nyuma, wakati waliofanya mazoezi walihifadhi nafuu yao. Upasuaji nao haukuyazidi mazoezi katika utafiti wa Norway wa mwaka 2006, ulipopima matokeo baada ya miezi 12.

Kwa hiyo, mawimbi ya mshtuko hufaa kuwa nyongeza kwa mgonjwa aliyefuata mazoezi kwa miezi kadhaa bila mafanikio ya kutosha. Anayelipia vikao na kuacha mazoezi anaweza kupoteza fedha na muda.

Wasiopaswa kupewa tiba hii

Mawimbi ya mshtuko hayatolewi kwa mama mjamzito, kwa mtu mwenye saratani au maambukizi katika eneo linalotibiwa, wala kwa mwenye kano iliyokatika. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye maradhi ya kutokwa damu na waliowekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo wanapaswa kumweleza daktari mapema. Aliyechomwa sindano ya steroidi katika kano hivi karibuni hutakiwa kusubiri.

Tahadhari ya pekee inawahusu wanafunzi wanaoshiriki michezo wakiwa bado wanakua. Maumivu yao mara nyingi hutoka pale kano inaposhika mfupa wa muundi, ambako bado kuna sehemu ya ukuaji, na kwa kawaida hutulia kwa kupunguza mzigo wa mazoezi.

Aidha, mtu aliyesikia mlio wa ghafla katika goti na kushindwa kunyoosha mguu anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo ni dalili ya kano kukatika, na kuchelewa hufanya ukarabati kuwa mgumu zaidi.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipia

Mwananchi anayeshauriwa kupata tiba hii ana haki ya kuuliza tatizo la goti lake limethibitishwaje, mashine itakayotumika ni ya aina gani, vikao ni vingapi na gharama yote ni kiasi gani, na kama mpango wa mazoezi umeambatanishwa. Ni vyema pia kuuliza mapema iwapo bima yake inagharamia huduma hiyo.

Nchini Tanzania, udhibiti wa vifaa tiba uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Nchini Kenya, usajili wa wataalamu wa fiziotherapia unasimamiwa na baraza lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2014. Kutibiwa na mtaalamu aliyesajiliwa, kwa kifaa kinachotambuliwa, humlinda mgonjwa dhidi ya matangazo yanayoahidi kupona kwa kikao kimoja. Kituo kinachoanza kwa uchunguzi, kinachoeleza mipaka ya tiba na kumpa mgonjwa ratiba ya mazoezi ndicho kinachostahili kuaminiwa.